Orest Alipigana Bila Hasira

Ukimuuliza mtu yeyote wa hapa Halvor Lake, mji wetu wa mgodi kaskazini mwa Kanada, habari za shemeji yangu Orest Bodnaruk, atakuanzia na ngumi. Atakusimulia alivyomlaza huyu, alivyomng'oa yule meno, na jinsi ukumbi mzima wa mpira wa magongo wa barafuni ulivyotikisika kwa kelele. Mimi nilimjua kwa upande mwingine. Enzi hizo, kabla sijapata kazi ya jikoni hospitalini, nilikuwa nauza chai na viazi vya kukaanga pale ukumbini, na choo cha wachezaji kilipakana na jiko langu. Kila mechi, kabla timu haijaingia uwanjani, nilimsikia Orest akitapika.

Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikagonga ukuta.

"We kijana, unaumwa? Nikuitie daktari?"

"Hapana, dada Huguette," akajibu kutoka ndani. "Ni woga tu."

"Woga wa nini tena, na wewe ndiye unayeogopwa?"

Nikasikia maji ya bomba. "Nikitoka humu itabidi nimpige mtu ambaye hajanikosea kitu," akasema.

Akasukutua, akatoka, akanisalimia kwa adabu zake zote, akavaa glavu. Haikupita muda nikasikia watu wanapiga mabenchi kwa miguu na kuliita jina lake. Nilijua bila kuchungulia kwamba keshamkamata mtu jezi na anamshindilia ngumi za uso.

Wakati huo alikuwa hata masharubu hayajamjaa, na hajamposa mdogo wangu Colette.

Watu husema mtoto anayepiga naye amepigwa. Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo, mpaka nilipoijua nyumba ile. Baba yake, mzee Petro, alikuja kutoka Ukraine baada ya Vita Kuu ya Pili akiwa na sanduku moja, akaajiriwa mgodini. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye Kiingereza cha kuvunjikavunjika ambacho wenzake walikiiga wakicheka. Kazi yake ilikuwa kuzoa mawe yanayoanguka kando ya mkanda wa kusafirishia nikeli, na hiyo ndiyo kazi wanayopewa wasiokumbukwa. Mke wake alimwachia Orest akiwa mdogo, akafa kwa kifua. Mzee akamlea mtoto peke yake. Hakuwahi kumchapa hata kofi. Asubuhi za baridi kali alikuwa anaamka kwanza yeye, anapasha moto viatu vya mtoto kando ya jiko, ndipo anamwamsha. Jirani walimcheka. "Petro anamlea mwanawe kama yai," walisema.

Sasa ile ngumi ilitoka wapi?

Orest alirusha ngumi yake ya kwanza akiwa na miaka kumi na minne. Timu ya vijana wa ng'ambo ya ziwa ilikuwa imekuja kucheza kwetu. Jitu lao moja likamkaba mlinda lango wetu, katoto kembamba kenye miwani, likawa linamgongesha kichwa kwenye ukuta wa mbao. Refa alikuwa mbali. Orest akateleza mpaka pale kumvuta yule mkubwa, na yule akageuka na kurusha ngumi. Orest naye akarusha. Moja tu. Taya la yule mvulana likavunjika, na mlio wa mfupa ukafika mpaka kwenye viti vya juu.

Orest alirudi benchi analia kwa kwikwi. Lakini huku juu watu walikuwa wamesimama wote. Na nyapara wa mgodi, bwana mmoja mnene aitwaye Garnet Pickard, akashuka ngazi kwa haraka, akaenda mpaka alipokaa Petro, akampa mkono.

"Petro!" akasema. "Huyu mwanao ni dubu! Umezaa dubu, mzee!"

Miaka yote aliyofanya kazi chini yake, Pickard hakuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa akimpigia mluzi.

Orest aliliona hilo kutoka benchi, katikati ya machozi yake. Miaka mingi baadaye alimsimulia mdogo wangu. "Baba alikuwa anacheka, Colette. Meno yote nje. Tangu mama afe sijawahi kumwona anacheka vile."

Basi. Kuanzia siku hiyo njia yake ilichongwa, na kila mmoja wetu alishika shoka. Kocha hakumtuma tena kufunga mabao, ingawa kijana alikuwa anateleza vizuri ajabu kwa mwili ule. "Wafungaji ninao," alimwambia. "Wewe kazi yako tunaijua." Wanaume walimnunulia soda, na alipokua wakamnunulia bia. Wasichana walimtazama. Kanisani watu walimsogelea kuzishika zile ngumi kana kwamba ni masalia ya mtakatifu. Tulimvika kilemba cha ukoka mpaka kikamshinda kukivua.

Na mzee Petro akapandishwa. Alitolewa kwenye mawe, akawekwa stoo ya vifaa, kwenye joto, akae juu ya kiti. Wakati wa chakula wachimbaji wenzake walimsogezea nafasi mezani. "Petro, Jumamosi dubu atamkamata nani?" walimuuliza, naye akatafuna mkate wake taratibu kama waziri.

Wangapi kati yenu, mkimwona baba yenu ananyanyuliwa kutoka vumbini, mngethubutu kumrudisha chini?

Orest aliondoka kwenda Marekani, akachezea timu ndogo ndogo za kule, kwenye miji ambayo viwanda vyake vimefungwa na watu wamebaki na hasira na mechi ya Ijumaa. Hakuwa mchezaji hasa. Aliajiriwa kupigana, maana kwenye mchezo ule kila timu huweka mtu wake wa ngumi. Colette aliolewa naye akamfuata. Alikuwa ananipigia simu na kulalamika kwa namna yake.

"Dada, nimeolewa na mwanamume mwenye mikono mikubwa kama sufuria, na hawezi kujifungia kifungo cha shati!"

"Umemlegeza wewe, kwa kumdekeza."

"Vidole vimevimba, Huguette. Namvalisha kama mtoto." Halafu sauti ikashuka. "Na tena wanaulizana. Ulijua? Kabla ya kupigana wanaulizana. 'Twende?' 'Haya, twende.' Kama watu wanaokaribishana chai. Jana amekunywa kahawa na yule waliyepasuana nyusi, wamekaa wanaonyeshana picha za watoto."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Mwili ulipokataa wakarudi Halvor Lake, na ukumbi ukampa kazi ya kuendesha ile mashine kubwa inayolainisha barafu kati ya vipindi. Nadhani ndiyo miaka aliyofurahi kupita yote. Mashine inakwenda polepole, inaacha nyuma yake barafu inayong'aa kama kioo, na hakuna anayeumia. Walimlea binti yao, Marika. Sikuwahi kumsikia Orest akimpazia sauti. Akikosewa alikuwa anatoka nje kupasua kuni, anarudi amelowa jasho, anauliza kama kuna chai.

Kisha yakaanza ya kichwa. Kwanza mwanga ulimuumiza, akawa anakaa na mapazia yamefungwa. Halafu kelele. Halafu akaanza kupotea. Jioni moja alikuwa juu ya mashine yake, akamaliza kulainisha uwanja wote, na badala ya kutoka akaendelea kuzunguka. Akazunguka, akazunguka. Watoto wakacheka wakidhani anafanya mzaha, wazazi wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekwenda kumchukua mjukuu wangu. Alipopita mbele yangu nikamwona usoni. Alikuwa anautafuta mlango, na mlango uko wazi mbele yake.

Ikabidi Colette aingie uwanjani na viatu vyake vya kawaida, anateleza huku na huku, amshike mkono.

Wakati huo mzee Petro alikuwa amestaafu na uzee umemwingia magotini, wakamhamishia kwao. Alikuja na nguo chache na boksi la kaseti za video. Mapigano yote ya Orest yalikuwa humo, yaliyorekodiwa na jamaa na marafiki. Kila alasiri mzee alijiweka kwenye kochi, akaongeza sauti kwa sababu masikio yalikuwa yamechoka, akaangalia. Orest alikuwa anatoka. Kuni zilizopasuliwa nyumba ile zingetosha mtaa mzima.

"Mwambie baba yako aache," nilimwambia Orest siku moja nje pale.

"Ndicho alicho nacho, shemeji," akasema. "Nikimnyang'anya atabaki na nini?"

Ilikuwa Jumapili moja ya Februari. Colette alikuwa amenialika chakula cha mchana, nami nimekuja na pai ya tufaha. Nje theluji ilikuwa imefika madirishani, na baridi haikumruhusu mtu kukaa nje, hata Orest na kuni zake. Tulipomaliza kula mzee akaiendea televisheni yake.

"Baba, leo tuna mgeni," Orest akasema.

"Mgeni gani? Huguette ni wa nyumbani. Huguette, njoo uone hii."

Picha ikaja. Orest kijana, jezi imepanda mpaka shingoni, anampiga mtu aliyekwishalegea.

"Punguza basi, baba. Kichwa."

"Ngoja, ngoja, hapa ndipo... Eee! Umeona? Umeona alivyolala? Haamki huyo!" Mzee akajipiga paja.

"Zima, baba."

"Haamki, nakwambia!"

"Anaitwa Duane," Orest akasema taratibu. "Ana mabinti wawili. Sikio moja halisikii mpaka leo."

"Ah, ndiyo mchezo, mwanangu," mzee akajibu, akarudisha mkanda nyuma ili aone tena.

Orest akainuka. Nilidhani anakwenda kuzima. Colette naye, alikuwa ameshika sahani, alidhani hivyo. Akafika mbele ya baba yake, ambaye alikuwa amenyanyuka nusu, ameshika ukingo wa meza ili asogee aone vizuri, akampiga ngumi.

Sikuona hasira usoni pake. Nimeulizwa baadaye na watu wachache, na kila mara nimesema hivyo. Alikuwa na ule uso aliokuwa nao alipotoka chooni kule ukumbini, uso wa mtu anayekwenda kazini.

Mzee alianguka ubavu, na mfupa wa nyonga ukalia. Colette akapiga yowe. Kwenye televisheni watu walikuwa bado wanashangilia na kuliita jina la Orest, mpaka nilipochomoa waya. Yeye alikuwa amepiga magoti. Kiatu kimoja cha baba yake cha sufi kilikuwa kimetoka. Akakiokota, akakivalisha mguuni kwa upole mkubwa, kisha akaniambia bila kugeuka, "Shemeji, piga simu."

Waliokuja na gari la wagonjwa walikuwa vijana wa hapahapa. Mzee, huku anasaga meno kwa maumivu, akawaambia ameteleza kwenye barafu mlangoni. Wakamtazama alivyovaa viatu vya ndani, wakautazama mdomo uliopasuka, wakamtazama Orest. "Barafu mbaya mwaka huu," mmoja akasema. Wakambeba.

Kesho yake asubuhi Orest akaenda polisi kwa miguu. Colette alikuwa naye, na yeye ndiye aliyenisimulia. Aliyekuwa zamu ni sajini Dwight Sorley.

"Nimekuja kusema nimempiga baba yangu," Orest akamwambia.

"Kaa kwanza, Orest. Kahawa?"

"Sitaki kahawa. Andika."

"Mzee mwenyewe kasema aliteleza."

"Mzee anadanganya."

Sorley akajikuna shingo. "Mzee ana akili zake timamu. Akisema barafu, ni barafu. Wewe umechoka, kaka. Nenda ukapumzike."

"Dwight, ungekuwa ni wewe umempiga baba yako, ungekuwa umekaa hapo?"

"Ningekuwa ni mimi, wangenifunga. Lakini wewe..." Akaonyesha ukutani, kwenye picha ya timu ya zamani. "Nilikuwa mtoto usiku ule ulipompiga yule wa ng'ambo. Baba yangu alinibeba mabegani ili nikuone. Hakuna mtu mji huu atakayekufunga wewe pingu."

Orest akakaa pale kwenye benchi mpaka saa ya chakula, akisubiri kukamatwa. Mwishowe Sorley akamrudisha nyumbani kwa gari la polisi, amemketisha kiti cha mbele.

Na mji ukafanya vivyo hivyo. Watu walileta mabakuli ya makaroni na nyama, keki, supu. "Pole kwa ajali," walisema. Hakuna aliyeuliza. Colette alipokea mabakuli mpaka siku ya tatu, halafu akamfungia mke wa Pickard mlango usoni.

"Wanamsamehe kabla hajaomba," akaniambia. "Unajua kwa nini? Wanaogopa akianza kusema yake, nao wataulizwa yao."

Nilikumbuka ukumbi, na miguu ile inayopiga mabenchi.

Mzee alilazwa hospitali ninayofanyia kazi. Mchana nilipanda mwenyewe na sinia lake, na ndiyo maana niliyasikia mazungumzo yao. Sikukusudia. Orest alikuwa amekaa kando ya kitanda anamlisha supu ya bitiruti aliyokuja nayo kutoka nyumbani, vidole vile havikishiki kijiko vizuri, nusu inamwagikia kwenye taulo.

"Kwa nini umewadanganya, baba?"

"Wangekuchukua."

"Nilitaka wanichukue."

Mzee akameza. "Orest, nani alikufundisha kupiga?" akauliza. Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anauliza kama mtu aliyepoteza kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Mimi sikukufundisha. Mama yako, Mungu amrehemu, hakukufundisha. Nimelala hapa nafikiri, silipati jibu."

Orest akakiweka kijiko chini.

"Ulikuwa unafurahi, baba," akasema.

Mzee akageuza uso ukutani. Nikabaki mlangoni na sinia langu, nashindwa kuingia, nashindwa kurudi.

"Walikuwa wananiita kwa jina," mzee akasema huko ukutani.

"Najua."

"Ningekuambia uache, ungeacha?"

"Siku ileile."

Mzee akaanza kulia, kilio cha wazee kisicho na sauti, mabega tu. Orest akamfuta kinywa, akamfuta macho kwa taulo lilelile lenye supu, na uso wa mzee ukabaki na wekundu wa bitiruti. Nilirudi jikoni. Msimamizi wangu akaniuliza mbona sinia limerudi kama lilivyo, nikamwambia mgonjwa amelala.

Mfupa wa mzee haukuunga. Mapafu yakajaa, na mwezi wa Aprili, barafu ya ziwani ilipoanza kupasuka, akafa. Tulimhifadhi chumba cha maiti mpaka ardhi iliyoganda ilipokubali kuchimbwa. Mazishini Pickard, naye sasa mzee wa mkongojo, alisimama akasema Petro Bodnaruk alikuwa mtu mwenye bahati, maana alizaa mtoto aliyeupa mji huu fahari. Watu wakaitikia kwa vichwa. Orest alikuwa anakitazama kile kifusi cha udongo, na sidhani kama alisikia.

Mdogo wangu hakai tena naye. Watu wamemsema sana kwa hilo. Daktari alimwambia wazi kwamba ubongo wa mumewe umegongwa mara nyingi mno, na kwamba yatakuja mengine. Akavumilia mwaka mmoja, analala na kiti kimeegemezwa mlangoni. Asubuhi moja alikuja kwangu na begi.

"Namwogopa, Huguette," akasema. "Na yeye anajua namwogopa. Ndiye aliyenifungashia."

Sasa Orest yuko kwenye nyumba ya wagonjwa, kilimani juu ya mgodi. Colette anakwenda kila asubuhi kumvalisha. Marika anakuja kutoka Winnipeg wakati wa sikukuu, anakaa naye wanaangalia ndege wanaokula mbegu dirishani. Kamati ya ukumbi ilitaka kutundika jezi yake darini kama ukumbusho wa heshima, na Colette akawakatalia. Wakaitundika hata hivyo, siku ambayo hakuwepo.

Nilikwenda kumwona Alhamisi iliyopita. Alikuwa amekaa mikono juu ya mapaja, viganja vimeangalia juu, kama mtu aliyeletewa vitu asivyojua vya nani. Alinitambua, au alitambua kwamba mimi ni mtu wa kuheshimiwa, kwa sababu alijaribu kusimama.

"Kaa, shemeji, kaa," nikamwambia.

Akakaa. Akanitazama kwa wasiwasi. "Leo nani ameumia?" akauliza.

"Hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja, Orest."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Muuguzi akapita na toroli la chai. Nikamchukulia kikombe, nikamshikia kwa sababu vidole havifungi, naye akanywa taratibu mpaka akakimaliza, akaniomba kingine.